Tegi ya Salamu

Mvua ndiyo iliyowakutanisha, siku ya soko pale Litein, chini ya turubai la muuza mitumba. Sellah alikuwa na sketi ya njano. Kijana aliyebanana naye alikumbatia laptop ndani ya koti utadhani mtoto mchanga.

"Unaficha nini?"

"Kazi yenu," akajibu Orina, akisoma beji ya kazi kifuani pa Sellah. Kumbe ndiye aliyepewa kutengeneza tovuti ya ushirika wa majani chai alikofanya kazi Sellah.

Wakapendana upesi, na tangu hapo Sellah hakutulia. Kwenye simu Orina alikuwa asali tupu. Mbele ya watu, bubu. Ana nia huyu, ama anapitisha muda? Swali hilo lilimnyima raha.

"Nimekuundia tegi," Orina akampigia simu jioni moja kumwambia. "Ni neno fupi naliweka kwenye ukurasa, linaleta maandishi lenyewe. Ukiingia wewe, linakusalimia kama mimi. Wengine wataona 'Karibu' tu."

"Wacha uongo."

"Fungua kesho, kipenzi."

Asubuhi ofisini alifungua tovuti kabla hata ya kuvua koti. *Umeamkaje, kipenzi changu?* Akatabasamu peke yake. Muda si muda, Esnah wa dawati la pili akageuza skrini yake.

"Ala. Huyu Orina ananiita kipenzi changu."

Sellah aliumia moyo. Akazima simu.

Orina alipomkosa kwenye simu, akaikagua tovuti, kisha akafika na boda kutoka Kapkatet, suruali tope tupu.

"Nilikosea, Sellah. Tegi ilishika salamu ya mtu wa kwanza kuingia, ikampa kila aliyefuata. Wa kwanza ulikuwa wewe."

Akainamia laptop, akarekebisha. Esnah akafungua upya: *Karibu.*

"Haya, nimeamini," Sellah akasema. "Lakini yangu itoe."

"Kwa nini?"

"Asubuhi yote nimelilia neno ambalo hujawahi kunitamkia mbele ya mtu. Kama unalo, sema na mdomo wako."

Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakageuka wote. Orina akafunga laptop.

"Nakupenda, Sellah. Nitume wazee kwenu?"

Machozi yakamlenga Sellah, na hakuyaficha.

"Mjibu kijana," Esnah akasema, "wakulima wanangoja."

"Jumamosi," akasema Sellah, "baba atakuwa nyumbani."