Nyimbo Kumi na Mbili za Nkambo Mathilde

Kila siku baada ya shule, Masengo alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Alivua sare, akala ugali uliobaki, bukari kama wanavyouita kwao, akanawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri. Kisha alichukua tableti, akaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na kinu. Hapo alimkuta nkambo wake, yaani bibi yake, Mathilde, akitwanga sombe.

Nkambo Mathilde alikuwa na jambo lake. Ukimketisha kwenye kiti na kumwambia, "Nkambo, imba," alikutazama tu kama mtu aliyesahau hata jina lake. Lakini mpe mchi mkononi, umwekee majani ya muhogo kinuni, na wimbo utatoka wenyewe, ubeti baada ya ubeti, hadi sombe ilainike.

Zilikuwa nyimbo za kungoja treni. Zamani, wake saba wa wafanyakazi wa reli pale Kamina, Nkambo akiwa mmoja wao, walikuwa wakikusanyika kila treni ya waume zao ilipochelewa. Na treni ilijua kuchelewa: siku mbili, tatu, hata juma zima. Basi walitwanga pamoja, wakamwimbia Mungu kwa Kiluba awarudishie watu wao salama. Hao ndio walioanzisha kwaya ya akina mama kanisani. Tena kila mmoja wao alijiwekea wimbo mmoja ambao hakuutoa kwa kwaya. Huo alimpa mtoto mmoja tu, mtoto aliyemwamini.

Sasa wanawake sita walikuwa wamekwisha kufariki. Nyimbo kumi na mbili za kwaya zilibaki katika kichwa cha Nkambo Mathilde peke yake, na kwaya ilikuwa inakaribia kutimiza miaka hamsini. Akina mama wa leo walitaka kuziimba zote siku hiyo ya sherehe. Ndiyo maana Masengo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri, alipewa kazi ya kuandika maneno na kurekodi sauti.

Tableti ilitoka kwa shangazi yake wa Lubumbashi. Baba yake, Zacharie, ambaye naye alikuwa mtu wa reli, aliweka programu ileile kwenye simu yake. Papa Amédée, karani wa kanisa, akaiweka kwenye kompyuta kubwa ya ofisi ya kanisa.

"Ona, Masengo," baba alisema siku ya kwanza, amefurahi kama mtoto. "Unaandika huku, mi naona kwa téléphone kule gare, kwa treni, na Papa Amédée anatosha makaratasi ya kwaya kwa ordinateur. Kitu moja, pahali tatu!"

Kweli ilifanya kazi, ila kwa mwendo wa Kamina. Simu ya baba ilipata wimbo pale mtandao ulipokubali. Kompyuta ya kanisa ilikuwa ya mwisho daima, maana ilingoja umeme, kisha ingoje mtandao, kisha imngoje Papa Amédée amalize kusalimiana na watu.

"Hii ordinateur yangu inapata habari nyuma ya bantu bote," alilalamika Papa Amédée, "sawa ndugu wa kule mbali, Kaniama."

Hata hivyo, nyimbo kumi na moja zilifika kila mahali bila shida. Kisha, Jumatatu moja, umeme ulikatika upande wote wa kanisa. Jumanne Masengo aliandika wimbo wa kumi na mbili. Jumatano Nkambo aliteleza bombani, akaangukia mkono. Hospitalini walimfunga bendeji nene kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, wakamkataza kushika mchi kwa mwezi mzima. Na bila mchi hakuna wimbo. Kila mtu alisema, "Afadhali mtoto alikuwa amekwisha kuandika."

Juma lililofuata, siku ya Alhamisi, Chloé, jirani wa Masengo, alikuja. Walikuwa darasa moja, na walikuwa wamejifunza ngoma mpya ambayo Chloé alitaka waipige video kabla hawajaisahau. Masengo alibonyeza kitufe cha kurekodi. Tableti ikakataa, ilikuwa imejaa.

"Kitu gani inakamata nafasi yote?" Chloé aliuliza.

"Nyimbo ya Nkambo. Sauti yake iko nzito."

"Si iko pia kwa téléphone ya papa yako? Na kwa ordinateur ya kanisa? Basi futa ya huku!"

Masengo alifikiri kidogo. Ukinakili wimbo katika madaftari matatu, daftari moja likiungua, mawili yanabaki. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kusema kweli si yeye peke yake aliyewahi kudanganyika hivyo. Alichagua nyimbo zote. Tableti ikamuuliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Zikaenda kwenye kapu la takataka, na nafasi bado haikutosha, basi akalimwaga na kapu. Video ilitoka nzuri sana. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Saa kumi na mbili baba alirudi kutoka stesheni. Alikuwa na desturi ya kusikiliza sauti ya mama yake huku akivua viatu. Alifungua simu, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Masengo, nyimbo iko wapi? Huku iko tupu kabisa."

Masengo aliitazama simu ile. Alikuwa amefuta kwenye tableti tu, hakuigusa simu ya baba hata kwa kidole.

"Ah, connexion njo inasumbua," baba alijijibu mwenyewe, akiulaumu mtandao. "Haina neno. Iko kwa ordinateur. Banasema courant ya umeme inarudia kule kanisa kesho asubuhi. Papa Amédée atafungua mapema, ananiambia."

Hapo Masengo akaelewa. Tableti ilikuwa imeiambia simu ifute. Kompyuta ya kanisa haikuwa imeambiwa bado, kwa sababu ilikuwa imelala gizani tangu Jumatatu ya juma lililopita. Siku itakapoamka na kupata mtandao, itaambiwa nayo, na nyimbo za Nkambo zitakuwa zimekwisha duniani.

Mezani alifungua mdomo mara tatu aseme ukweli. Mara tatu akaishia kuomba chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mbele yake. Sauti moja moyoni ilimnong'oneza: nyamaza tu. Lawama zote zitauangukia mtandao, na mtandao hauna mdomo wa kujitetea. Alikwenda kulala na sauti hiyo, akaamka nayo.

Ijumaa asubuhi baba alikuwa amekwisha kwenda kazini. Masengo alikuwa mlangoni, mkoba begani, aliposikia mngurumo kutoka upande wa kanisa. Ulikuwa wa mashine ya kusaga mahindi. Umeme ulikuwa umerudi.

Aliutupa mkoba chini. Alikimbilia uani alikokuwa Nkambo Mathilde, akapiga magoti na kupiga makofi taratibu, kama mtoto wa Kiluba anavyomsalimu mkubwa. Lakini badala ya salamu yalitoka machozi.

"Nkambo, mi njo nilifuta nyimbo yako."

Nkambo aliuliza, "Yote?"

"Yote. Nilitaka kupiga video na Chloé. Nilifuta kwa tablette, ikatoka na kwa téléphone ya papa. Iko tu kwa ordinateur ya kanisa, na Papa Amédée akiweka connexion, itatoka na kule. Naomba pardon, Nkambo."

Bibi aliutazama mkono wake wenye bendeji. Uso wake ulizeeka ghafla, na Masengo akaona kwa macho yake mwenyewe alichomfanyia mtu anayempenda kuliko wote. Hakuna kiboko ambacho kingemuumiza hivyo.

Kisha Nkambo akainua kichwa. "Sasa unalia hapa juu ya nini? Kimbia!"

"Na weye, Nkambo?"

"Mi ntakuya na miguu yangu. Kimbia, mutoto!"

Masengo alikimbia kama hajawahi kukimbia, akavuka reli, akakatiza nyuma ya soko, viatu vimejaa vumbi. Alipoufikia mlango wa ofisi, kompyuta ilikuwa inawaka, na Papa Amédée alikuwa ameshika kile kidude cheupe cha intaneti, anakielekeza kwenye tundu lake.

"Papa Amédée, usitie!"

Karani aligeuka polepole. Mtu huyu alipenda heshima kuliko chai. Mtoto aliyeingia bila kusalimu alirudishwa mlangoni aanze upya, hata kama ameleta barua ya mchungaji.

"Ee, mutoto wa Zacharie! Njo vile banaingia kwa bantu? Rudia kwa mulango, uanze muzuri."

Na huku akisema, mkono wake uliendelea na safari yake. Masengo hakurudi mlangoni. Alipita mbele, akalifunika lile tundu kwa kiganja chake.

"Pardon, Papa Amédée. Ntasalimia nyuma. Mi njo nilifuta nyimbo ya Nkambo kwa tablette, na kwa téléphone imetoka. Ukitia hii, itatoka na huku. Papa yangu iko anafikiri connexion njo ina kosa, lakini kosa iko yangu."

Papa Amédée alikifungia kidude kwenye droo, akaketi, akafungua programu. Masengo aliomba kimya. Zikatokea moja baada ya nyingine: wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa kumi na moja. Karani alizinakili zote kwenye flashi, kisha akaziandalia karatasi. Printa ikaanza kukoroma. Masengo alilia tena, safari hii kwa furaha, mpaka akaona aibu.

"Sikia, mwanangu," alisema Papa Amédée. Ukali ulikuwa umemtoka. "Hii application iko muzuri, lakini hizi haziko daftari tatu. Iko nyumba moja na milango tatu. Ukitosha kiti inje kwa mulango moja, usiende kukitafuta kwa mulango ingine."

Nkambo Mathilde aliingia akihema. Karani alisimama, akamsalimu kwa heshima zote, kisha akamwekea sauti yake mwenyewe. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na ya kumi na mbili?" aliuliza.

Masengo alitikisa kichwa. Wimbo ule ulikuwa umeandikwa umeme ukiwa umekatika, kompyuta haikuwahi kuuona.

"Wimbo ya siku treni inafika," Nkambo alisema taratibu. "Bila ile, bale bamama batangoja mupaka leo." Akasimama. "Masengo, ukitoka masomo, pitia soko. Leta sombe."

Alasiri ile Masengo alishika mchi yeye mwenyewe. Nkambo aliketi nyuma yake kwenye kigoda, mkono wake mzima umelala mgongoni mwa mjukuu. Mwanzoni hakukuja kitu.

"Polepole," bibi alisema. "Hauko unapiga nyoka."

Masengo alicheka, akapunguza mwendo. Mkono wa Nkambo ulianza kumpigapiga mgongoni, na mchi ukafuata mkono. Alitwanga hadi mabega yakauma na malengelenge yakamtoka viganjani, lakini hakuthubutu kusimama. Kisha, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeamka usingizini, Nkambo akaanza kuimba. Baba alikuwa amerudi kutoka kazini na kusikia mambo yote. Hakugomba. Alichukua daftari la karatasi na kalamu, akasimama kando ya ukuta, akaandika kila neno, na macho yake yalikuwa yamelowa. Zamani, wimbo ule ndio uliomrudisha nyumbani baba yake mwenyewe, mume wa Nkambo.

Jumapili, siku ya sherehe, kanisa lilijaa hadi nje. Kwaya iliimba nyimbo kumi na moja, karatasi mkononi. Wa kumi na mbili, akina mama walimwomba Nkambo Mathilde auanzishe mwenyewe. Alisimama mbele ya watu wote, bila mchi mkononi, akafungua mdomo, na wimbo haukuja. Masengo akatoka kwenye benchi lake, akasimama nyuma ya bibi yake, akaanza kumpigapiga mgongoni kwa kiganja chenye malengelenge, polepole, mwendo wa mchi.

Nkambo akaimba. Akina mama wakapokea, na kanisa zima likasimama.

Walipokuwa wakirudi nyumbani wawili tu, Masengo aliuliza, "Nkambo, kwa nini haukunikasirikia?"

"Nani anakuambia sikukasirika? Nilikasirika mupaka kwa mulango ya kanisa." Nkambo alitabasamu, kisha akawa makini. "Lakini sikiliza. Kila mutu anafanya kosa. Ungenyamaza, nyimbo ingekufa, na weye moja tu ungejua juu ya nini. Ungebeba ile muzigo mupaka uzee. Weye ulisema mbele ya kuulizwa, na ulisema wakati dawa ingali iko. Kosa ya kusema mapema iko na dawa. Ya kuficha inaoza na mwenyewe. Unasikia?"

"Ninasikia, Nkambo. Na siku ingine, mbele ya kufuta kitu ya bantu, ntauliza."

"Njo vile." Walitembea hatua chache. Bibi akamshika mkono, akakigeuza kiganja chake na kuyatazama yale malengelenge.

"Ikipona, leta sombe tena," alisema. "Na daftari. Tablette ibakie ndani. Iko wimbo moja sikumupatia mutu bado. Nilikuwa nangoja mutoto wake."