Winchi ya Nanga ya Shemeji

Fundi umeme huyu ni jirani yangu, tumepakana ukuta kwa ukuta, na si mtu wa kupiga chuku. Siku hiyo alitoka asubuhi, tumbo limeshiba, kwenda kumfungia mume wa dada yake winchi ya umeme ya kuvutia nanga kwenye mashua yake ya tanga. Mgongo wa shemeji ulikuwa umegoma kuvuta mnyororo kwa mikono. Mwenyewe alibaki kitandani, akamwambia fundi afanye kama vile mashua ni yake mwenyewe.

Mashua ilikuwa imefungwa gatini. Saa nne fundi akaanza kutoboa sitaha kule mbele, matundu manne ya boliti. Matatu yalitoa unga wa mbao mkavu. La nne likatoa ute mzito, wa kijani, wenye nyuzi za damu, unaonuka kama kinywa cha mgonjwa. Akajisemea mbao imeoza kwa ndani. Akaufuta kwa kitambaa, akapaka silikoni, akakaza boliti. Ute ukapenya tena. Ukafanya povu, kama kuna mtu anapumua chini yake.

Akavuta nyaya hadi kwenye betri, akaweka fyuzi, akateremsha nanga topeni chini ya maji ili aijaribu winchi. Akakanyaga swichi. Winchi ikanguruma, mnyororo ukaanza kupanda. Kila pete ilikuwa imevikwa ngozi laini, nyeupe, kama utando wa maziwa, na kila ilipopita kwenye gurudumu la winchi ilichunika.

Simu ikaita. Dada yake, ananong'ona.

"Kaka, unafanya nini huko? Tangu saa nne mume wangu anakohoa unga wa mbao. Sasa anatapika tope. Kuna kitu kinamtoka kooni. Kina kutu."

Fundi akainua mguu. Winchi haikusimama. Akang'oa waya wa betri. Haikusimama.

"Hapumui," dada akasema.

Fundi akashika wenzo wa breki ya winchi kwa mikono miwili, akaulegeza. Mnyororo ukaanza kushuka. Simuni akasikia mtu akimeza. Pete moja. Akameza. Pete nyingine. Akameza. Mpaka nanga ikatua topeni, na shemeji akavuta pumzi.

Hospitali hawakuona kitu. Shemeji alipona, hata mgongo, ila mashua hataki kuisikia.

Wiki iliyofuata, mchana kweupe, fundi alirudi kuifungua ile winchi. Katikati ya gurudumu alikuta gego limekwama. Gego la mtu, na nyama ya ufizi bado imelishika. Akampigia dada yake. Dada akamfungua mumewe kinywa, akahesabu mara mbili. Meno yote yapo.

Fundi alilifunga kwenye kitambaa kikavu, akaliweka kwenye sanduku la vifaa. Alishalitupa mara mbili. Mara zote alilikuta mle mle. Nimeliona kwa macho yangu. Kila asubuhi kitambaa huwa kimelowa mate, na mate yenyewe yana joto.