Spika Nne za Mzee wa Kreni

Mwizi alikuwa ameziba matundu.

Hilo ndilo lililomfanya Inspekta achuchumae kando ya jakuzi na kubaki hapo muda mrefu kuliko goti lake lilivyopenda. Spika nne zilizojengewa ukingoni zilikuwa zimeng'olewa. Mahali pa kila moja palikuwa na kifuniko cha plastiki, kimezungushiwa silikoni ambayo bado ilinuka siki. Nyaya zilikuwa zimefungwa tepu nyeusi, kila waya na namba yake. Swichi kuu ilikuwa imezimwa. Maji yalikuwa safi kabisa.

"Miaka ishirini na sita kazini," alisema Inspekta. "Nimeona wezi wanaovunja, wezi wanaochoma moto, hata mmoja aliyepitiwa na usingizi kitandani kwa mwenye nyumba. Mwizi anayesafisha nyuma yake namwona leo."

"Labda alilelewa vizuri, afande," alisema Koplo, akinyunyiza unga wake wa kutafutia alama za vidole.

Mlalamikaji alisimama mlangoni akiwa ameshika sinia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameendesha kreni bandarini, na mtaa mzima ulimwita Mzee wa Kreni. Siniani kulikuwa na vikombe vinne vya chai, ingawa polisi walikuwa wawili.

"Nilidhani mtakuja wengi," alisema.

"Uligundua saa ngapi, Mzee?"

"Saa tano, nilipotoka kliniki. Kila Alhamisi asubuhi nanyooshwa mgongo."

"Nani anajua hilo?"

"Kila anayenisikiliza." Akafikiri kidogo. "Yaani si wengi."

"Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wa akiba unakaa wapi?"

"Kwenye boksi la mita ya umeme."

"Televisheni ipo. Saa yako ipo mezani. Wamechukua spika tu?"

"Spika na kisanduku chake cha kuziendeshea. Bora wangebeba televisheni, mwanangu. Hizo ndizo zilikuwa sauti pekee humu ndani."

Mke wake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Binti yake wa pekee aliishi ng'ambo. Jakuzi lilitoka kwake, kwa ajili ya ule mgongo. "Nilimwomba aje," Mzee alisema. "Akatuma jakuzi." Lakini spika alizichagua mwenyewe.

"Unapenda muziki gani?"

"Muziki? Hapana. Vipindi vya watu kuongea. Kule juu kwenye kreni nilikuwa peke yangu, lakini sikioni, kwenye redio ya kazi, nilikuwa na watu kutwa nzima. Inua, shusha, kushoto kidogo, Mzee umekula? Nilipostaafu walinyamaza wote siku moja." Akainua sinia. "Mtakunywa chai?"

"Tupo kazini, Mzee."

Mzee akavitazama vile vikombe, akavirudisha jikoni kimoja kimoja. Inspekta alijutia jibu lake, ila hakulibadilisha.

Koplo alimwita kwa ishara. Mwizi alikuwa ameiacha paneli ya vitufe ukingoni. Kitufe kimoja kilikuwa kimekwaruzwa vibaya na kumeguka pembeni. Walipoomba kuona vifaa vya nyumba hiyo, Mzee alifungua droo ya jikoni bila kuwatazama usoni. Ndani kulikuwa na bisibisi moja, na ncha yake ilikuwa na chembe za plastiki nyeusi.

"Kajiibia mwenyewe," alisema Koplo walipokuwa ndani ya gari, bisibisi ikiwa kwenye mfuko wa vielelezo. "Mpweke yule. Anataka watu wamtembelee."

"Mkono uliokwaruza kitufe si mkono ulioziba matundu. Mmoja ni fundi hasa. Mwingine nadhani hata balbu inamshinda."

"Kwa hiyo wako wawili?"

"Wawili," alisema Inspekta, na jambo hilo likamsumbua hadi alipofika nyumbani, akapasha chakula cha jana na kukila akiwa amesimama.

Kesho yake walikwenda kwenye duka lililouza zile spika. Mbele kulikuwa na mabomba, masinki na majakuzi makavu. Nyuma kulikuwa na chumba cha kusikilizia, kuta zake zimefunikwa sponji nene. Mlango ulipofungwa, Inspekta alihisi masikio yake yamezibwa. Fundi aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Tunamuulizia mteja mmoja, mzee aliyekuwa..."

"Mzee wa Kreni," alisema Fundi. "Ana nini?"

"Alichukua muda gani kuchagua spika?"

"Wiki tisa."

"Spika nne, wiki tisa?"

"Spika za jakuzi si mchezo, Inspekta. Mapovu yanakoroma, yanameza sauti ya mtu. Wengi wanataka besi, maji yatikisike, basi. Yeye alitaka kusikia maneno. Nilileta beseni la maji humu, nikaweka pampu ya mapovu, tukajaribu aina kumi na nne. Anakuja na redio yake kwapani, tunakaa, tunasikiliza watu wanabishana kuhusu mbolea."

"Mwisho mkachagua zipi?"

"Nilimpa zilizo bora. Haziingii maji, hazishiki kutu, haziharibiki." Neno la mwisho lilimtoka kwa shida. Kisha akauliza haraka, "Wewe nyumbani unasikiliza nini, Inspekta?"

"Taarifa ya habari."

"Ikiisha?"

"Nalala. Hapa maswali ni yangu, dada."

Mezani kulikuwa na daftari. Fundi aliandika humo vipimo vya kila mteja: besi kiasi gani, sauti ya kati kiasi gani. Inspekta akalifungua. Mteja wa kwanza alikuwa na nusu ukurasa. Wa pili, mistari mitatu. Mzee wa Kreni alikuwa na kurasa kumi na tisa.

*Sauti ya kati ipande kidogo. Leo anakohoa.*

*Spika ya saba inapiga miluzi. Amecheka mara mbili.*

*Zimefungwa kwake. Amefurahi.*

Baada ya hapo kila Jumanne ilikuwa na tarehe yake na neno moja tu: *Hajaja.* Zilikuwa Jumanne kumi na moja.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwa mteja."

"Mteja gani?"

Fundi akatupia jicho chini ya meza. Koplo alikuwa amepiga magoti kando ya meza. Akavuta kitu kilichofungwa kwenye blanketi la sufi, akalifunua taratibu. Spika nne na kisanduku kimoja, zote zinang'aa.

"Ni mimi," alisema Fundi. "Msiziweke sakafuni tafadhali, kuna vumbi."

"Ulitaka kuziuza?"

"Niziuze kwa nani? Hazina hata mkwaruzo."

"Basi kwa nini?"

Alivaa miwani, akaivua tena.

"Watu hawaji tena humu. Wanachagua kwa simu, wanapelekewa mlangoni. Nakaa humu kutwa, nikitembea sisikii hata nyayo zangu. Halafu anaingia mzee mmoja, kitu cha kwanza ananiuliza nimeshakula. Wiki tisa, Inspekta. Nami kwa ujinga wangu nikamuuzia spika zisizoharibika! Ningempa zile mbovu angekuwa hapa kila mwezi. Lakini nilishindwa kumdanganya."

"Ukashindwa kumdanganya, ukaweza kumwibia."

"Nilitaka aje tuchague tena. Jana nimemsubiri mchana kutwa. Mmekuja nyinyi."

"Hukuweza kumpigia simu?"

"Nimpigie nimwambie nini?"

Inspekta alikuwa na namba ya mwanawe wa kiume ndani ya simu yake, na hakuwa ameipiga tangu mwaka jana kwa sababu hiyo hiyo. Akafunga daftari.

Mwenye duka hakutaka maelezo. Alinyoosha mkono, akadai funguo zake mbele ya wateja. Miaka kumi na mitano ya kazi, na Fundi akamwaga unga kwa dakika moja. Alitoka nje katikati ya polisi wawili, ameinamisha kichwa.

Alasiri hiyo Mzee aliitwa kituoni kutambua vielelezo. Alivaa koti lake la heshima. Alizitazama spika mezani, kisha akamwona Fundi kwenye benchi, na uso ukamshuka.

"Unazitambua?"

"Ni zangu."

"Mtuhumiwa amekiri kuingia nyumbani kwako na kuiba. Ukiendelea na shtaka, anaweza kufungwa miaka kadhaa."

Mzee aliigusa spika moja kwa kidole. Kisha akasema, "Hakuna wizi. Nilimpa azitengeneze."

"Mzee, usinidanganye ndani ya kituo. Ulitupigia simu sauti inatetemeka."

"Zilikuwa mbovu."

"Zile haziharibiki!" Fundi aliruka kutoka kwenye benchi, kisha akajiziba mdomo.

Koplo aligeukia ukuta asionekane akicheka. Inspekta hakucheka. Alitoa bisibisi kwenye mfuko, akaiweka karibu na zile spika.

"Hii ni yako. Na kile kitufe ulikikwaruza wewe. Nataka kujua sababu tu."

Mzee aliiangalia ile bisibisi kwa aibu.

"Nilitaka kukiharibu. Wiki mbili nzima nahangaika nacho. Nimekigonga, nimekichokoa, nimekimwagia sabuni. Kinagoma! Nilitaka kitu cha kurudi nacho dukani. Huwezi kuingia dukani mikono mitupu, mtu akuulize shida yako, useme umekuja tu."

Fundi alikaa chini taratibu. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Zilipoibwa si ungekwenda?" Inspekta aliuliza. "Sababu ulikuwa nayo."

"Ningemwangaliaje usoni, mwanangu? Wiki tisa ananichagulia, halafu nimwambie sikuzitunza?"

Inspekta alivuta jalada. Aliandika kwamba mali imepatikana yote, mlalamikaji ameondoa malalamiko. Alijua mkuu wa kituo angefoka.

Jumamosi jioni alikwenda kuchukua saini ya Mzee. Koplo angeweza kuifuata, lakini Inspekta alisema ataifuata mwenyewe. Aliwakuta barazani. Fundi alikuwa ameinama ukingoni mwa jakuzi, anakaza skrubu ya mwisho. Redio iliwaka na watu wawili wakaanza kubishana kuhusu bei ya vitunguu.

"Ya kushoto inakwaruza," alisema Mzee.

"Haikwaruzi, Mzee."

"Inakwaruza. Nitakuja Jumanne tuisikilize."

"Uje wapi? Kile chumba sina tena."

Mzee aliizungusha mkononi kalamu ya Inspekta.

"Basi tutasikilizia wapi?"

"Hapa," alisema Fundi.

"Hapa kuna nne tu."

"Tuanze na hizo."

Mzee aliweka saini bila kuisoma karatasi. Kwenye sinia palikuwa na vikombe viwili. Inspekta aliaga, wakamwitikia vizuri, wakarudi kwenye ile spika ya kushoto. Alifika getini akasimama, akijifanya anatafuta funguo za gari. Alisubiri kidogo, pengine wangemkumbuka na chai. Ndani Fundi alisema kitu, Mzee akacheka. Inspekta akafungua mlango wa gari, akaiwasha redio ya polisi, akakaa akiisikiliza.