Jina Alilopewa Jalala Kibarazani

Harufu ya yasmini iliingia chumbani kwa Ummy saa ya magharibi, na mtaani kwao Magomeni hapakuwa na shina hata moja la yasmini, ila mtaro na banda la chipsi. Alifunga dirisha, akamtazama mwanawe. Mtoto alikuwa macho, akikichekea kitu kilichokuwa juu ya kichwa cha mama yake.

Mtoto huyo aliitwa Jalala. Wawili waliomtangulia walikufa wachanga, na mama mkwe wa Ummy, Bibi Mwanne, akaona sasa basi. Alimfunga huyu wa tatu kwa kanga kuukuu, akamlaza penye takataka uani, na Jovitha, mpangaji wa chumba cha jirani aliyekuwa mjamzito wakati huo, akamwokota kama kitu kilichotupwa. Jini linalochukua watoto halihangaiki na taka. Wazee walifanya hivyo na watoto wakakua.

Lakini Ummy aliuza nguo za watoto Kariakoo, na aibu ilimla. Wateja walimletea kina Shamsa na kina Sitara, yeye amtaje wake? Akachagua Yasmini, jina la ua, lililotoka Uajemi. Jioni moja, kabla harufu ile haijaja, alimtoa mtoto kibarazani akamwita kwa jina hilo, kwa sauti ya kujigamba, adhana ya magharibi ikilia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila mara nyingine guu linalovunjika si lake.

Tangu hapo kila magharibi harufu ilirudi, na nyuma yake sauti ya mwanamke, laini, ikimwita Yasmini kutoka dirishani, kesho yake mlangoni, keshokutwa yake chini ya kitanda, na kila ilipoita mtoto aligeuza shingo na kukataa ziwa, akanyauka mpaka utosi ukabonyea, huku Ummy amemkumbatia akisoma kila sura aliyoijua, akihisi kabisa kwamba kuna mikono mingine inamvuta kwa upande wa pili.

Alimpeleka kwa Mzee Bushiri, mganga wa Msimbazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Mzee alimnusa mtoto utosini. "Umemwita jina zuri, nje, magharibi?"

"Ndiyo, babu," alinong'ona.

"Basi jini linamfuata mwenye jina. Mrudishie Jalala, na lile lisitamkwe tena. Litachoka lenyewe, mwezi hivi."

Ummy aliutazama ule utosi. Mwezi hakuwa nao.

Jioni ile Jovitha alikuwa ukumbini, amempakata binti yake aliyezaliwa juzi.

"Dada Ummy, sijapata jina. Baba yake anang'ang'ania Euphrasia, la bibi yake."

"La kizee hilo," Ummy alisema taratibu. "Mwite Yasmini."

Jovitha akatabasamu. "Zuri jamani. Asante, dada." Akainama akamwita mwanawe, palepale, adhana ikilia.

Harufu ikapita mbele ya Ummy, ikaingia chumba cha jirani. Usiku ule Jalala alinyonya mpaka akasinzia, na Ummy akalia kwa furaha.

Walimzika Yasmini wiki ileile. Ummy ndiye aliyepika wali wa msiba, na ndiye aliyemshika Jovitha mkono.

Aliporudi chumbani, harufu ilikuwa inamsubiri.

"Asante, Mama Jalala," sauti ilisema chini ya kitanda. "Nipe mwingine, au nimrudie huyu."

Ummy akamkumbatia mwanawe, akaanza kuwakumbuka watoto wachanga wa mtaa wao ambao hawajapewa majina.