Sinema ya Ijumaa na Spika Liitwalo Radi

"Punguza, Arnovis, nimekwambia pungu—"

"Nipunguze wa nyuma wasikie kwa pua?"

"Wa nyuma? Wanasikia mpaka walio ng'ambo ya mto."

"Wewe kazi yako shuka na viti. Sauti niachie mwenye—"

"Sahani za Bibi Eneida zilianguka jana."

Arnovis akavuta kiti.

"Sahani ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu? Basi hata sikuifungulia."

Nelcy akageuza arepa, vimkate vya mahindi, kwenye mafuta bila kumjibu. Ukimjibu kaka yake asubuhi, mtafika jioni mkiwa palepale.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Januari. Barranquilla yote, huku Kolombia, ilikuwa kavu, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma tangu alfajiri. Nelcy alikuwa ameanzisha sinema ya bure mtaani kwao. Kila Ijumaa, giza likiingia tu, alifunga shuka nyeupe kwenye goli la uwanja mdogo wa saruji. Projekta aliazima kanisani. Kila mtu alikuja na kiti chake, wengine na viti vya kubembea kutoka barazani. Watu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya jogoo, Ijumaa ya pili walikula karanga za mfuko mmoja. Nelcy aliona kwa macho yake. Ndiyo maana aliipenda sinema ile kuliko usingizi.

Tatizo lilikuwa Radi.

Radi ni picó ya Arnovis: sanduku la spika lililo refu kuliko mlango, limechorwa chui mwekundu anayetafuna umeme. Amelijenga kwa miaka kumi na moja. Mtaani kwao, arusi ni picó, ubatizo ni picó, timu ikishinda ni picó, ikishindwa pia. Kwa hiyo hakuna aliyejiuliza. Kuna sinema? Leteni Radi.

Lakini Radi limezaliwa kwa ajili ya ngoma. Mwigizaji akizungumza, ilikuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Jana yake mwanamke wa kwenye sinema alimnong'oneza mumewe kwamba anamwacha. Watu wa mbele wakaangalia juu, wakidhani paa la jirani linaanguka.

Kabla arepa hazijaiva, jirani yao Bibi Eneida mwenyewe akaingia. Alibeba beseni lenye vipande vya sahani, na karatasi.

"Nelcy, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kukuonyesha."

"Shikamoo, bibi. Kaa kwanza."

"Sikai. Ulipokuwa na surua nilikubeba mimi, mama yako yuko kazini. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, bibi."

"Haya. Na mume wangu Teófilo yuko kitandani mwaka wa pili huu. Kiharusi kilimchukua miguu, kikamwachia ulimi. Kitanda chake kinatembea kila Ijumaa. Mgonjwa anatembezwa na kitanda, umeshaona wapi?"

Arnovis akafungua mdomo. Nelcy akamtazama, naye akaufunga.

Karatasi ilitoka kwa inspekta wa mtaa. Ilisema: likija lalamiko jingine, uwanja hautatumika tena kwa sinema. Bibi Eneida aliiweka mezani, akachukua beseni lake, akaondoka.

Nelcy hakula. Aliwaza jinsi sinema yake inavyomtesa mzee wa watu. Akawaza pia uwanja mtupu siku ya Ijumaa, na wale wawili wa jogoo kila mtu nyumbani kwake. Hakujua kipi kinamuuma zaidi.

Jumatatu akaenda maktaba. Pale alikuwepo Osiris, mfanyakazi ambaye huonyesha sinema uani kwa maktaba, na hakuna anayelalamika. Osiris alisikiliza, akafunga dawati, wakaja wote uwanjani.

"Upepo unatoka wapi?" Osiris akauliza.

"Kule, nyuma ya goli la juu. Kila Januari ni kule."

"Na spika mliliweka wapi?"

"Palepale goli la juu. Linatazama huku chini."

"Huku chini kuna nyumba ya nani?"

Nelcy akaguna. "Bibi Eneida."

"Basi mlimpelekea sauti, na upepo ukawasaidia kubeba. Hamisheni shuka kwenye goli hili la chini, karibu na ukuta wake. Sauti itampa mgongo. Itaelekea kule kwenye ghala, nyuma ya goli la juu, ambako hakuna mtu. Na upepo utaisukuma shuka kwenye neti, itatulia. Mfunge pembe zote nne na katikati pia."

Kisha akatoa kwenye mkoba spika mbili ndogo. Arnovis, aliyekuwa amekuja kusikiliza huku akijifanya anatengeneza pikipiki, akacheka.

"Dada, hizo ni spika au vibanio vya nguo?"

"Kaka, una lori?"

"Sina. Nina Radi."

"Ungekuwa nalo, ungeenda nalo dukani kununua chumvi?"

Arnovis akakuna kichwa kwa spana.

"Spika moja kubwa mbele inawaziba masikio wa mbele ili wa nyuma wapate kidogo," Osiris akaeleza. "Weka mbili ndogo katikati ya watu, moja huku, moja huku, usawa wa sikio la aliyekaa. Punguza mdundo, pandisha maneno. Mdundo ndio unaopita ukutani na kuvunja sahani. Lakini mimi sina sikio zuri. Nasikia wewe unalo."

"Hilo limesemwa na nani?"

"Na mtaa mzima. Nahitaji sikio lako, sanduku libaki nyumbani."

Arnovis akaweka spana chini.

"Na filamu mnapata wapi?" Osiris akamgeukia Nelcy.

"Sokoni. Lakini sisi hatutozi mtu."

"Hata kama ni bure, ukionyesha hadharani lazima mwenye filamu aruhusu. Mimi ninazo zenye ruhusa ya maandishi, njoo uchague. Halafu nenda kwa majirani kabla ya Ijumaa. Waambie saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Waachie namba yako ya simu. Mtu akiweza kukupigia wewe, hampigii inspekta."

Nelcy alipita nyumba kumi na nne. Ya mwisho ilikuwa ya Bibi Eneida.

"Tunaanza saa kumi na mbili na nusu, bibi. Saa mbili tumemaliza."

"Tutaona," alisema Bibi Eneida, akafunga mlango.

Ijumaa ikafika, na Osiris akaja na spika zake. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, kuhusu punda aliyeingia kanisani siku ya arusi akala shada la bibi arusi. Kila neno lilisikika. Viti vya kubembea vililia kwa vicheko. Arnovis hakuketi. Alizunguka uwanja mara nne, akigusa kitufe hiki na kile. Mwisho akaenda kusimama mlangoni kwa Bibi Eneida, akatega sikio, akarudi.

"Sisikii neno pale," akamnong'oneza Nelcy. "Upepo tu, na nyie mnavyocheka."

Nelcy akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Saa mbili kamili filamu ikaisha. Watu walikuwa wanakunja viti mlango wa Bibi Eneida ulipofunguka. Alikuja moja kwa moja uwanjani na ndala zake. Kila mtu alikuwa amesikia habari ya karatasi, kwa hiyo kila mtu akampisha.

"Sahani, bibi?" Arnovis akauliza polepole.

"Zote ziko kabatini."

"Na mzee?" Nelcy akauliza.

"Amekasirika."

Nelcy akaweka chini kiti alichokuwa akikunja. "Kelele tena?"

"Kelele ipi? Hajasikia kitu." Bibi Eneida akavuta shali yake. "Zile Ijumaa nyingine alikuwa anasikia vishindo. Mimi vinaniudhi, kumbe yeye anajitungia hadithi. Kishindo hiki ni treni, kile ni mume kafumania. Ananihadithia mpaka Jumatano. Leo kasikia vicheko vyenu tu. Ananiuliza, Eneida, wanacheka nini? Nitajua mimi?"

"Punda, bibi, kala shada la bibi arusi," Arnovis akasema. Bibi Eneida akainama, akaitazama spika ndogo iliyokuwa karibu na mguu wake, kisha akamtazama Osiris.

"Mwanangu, huu waya unafika dirishani kwa Teófilo? Na huyo punda mnaweza kumrudisha mwanzo?"