Mwenye Rimoti

Rimoti ilikuwa na joto kabla hata ya kutiwa betri.

Mwaringa hakujali. Ile runinga aliitoa Vitengeni, kwa mjane wa nduguye Dena, matanga hayajaisha. Alisimama mbele ya wazee akasema, "Dena alinambia mwenyewe: nikifa, runinga chukua." Uongo mtupu. Huo ni wizi, hauna jina jingine.

Hannah, yule mjane, hakubishana. "Haya, shemeji. Ila rimoti anayo mwenyewe. Alikufa kaishika, nikamzika nayo."

Ndipo Mwaringa akanunua hii ya sokoni, inayokubali runinga yoyote, akakaa nayo sebuleni kwake Magarini, jua la alasiri mlangoni.

"Si usome karatasi yake, Baba Cindy?" mkewe Sidi alimwambia.

"Karatasi ya nini? Unabana hapa mpaka kitaa chekundu kiwake, unaielekeza, sauti ikianza kupanda unaachia. Basi."

Akabana. Kitaa kikawaka. Sauti ikapanda. Akaachia, nayo ikazidi kupanda.

Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani, ile ile Hannah aliyokuwa akimpaka Dena miguuni. Kioo kilikuwa cheusi. Ndani yake mtu akakohoa.

"Mwaringa. Nilikwambia lini?"

Mwaringa akang'oa betri. Sauti ikarudia, "Nilikwambia lini?" Akachomoa waya ukutani, na sauti ikaja kubwa zaidi, ikatikisa vikombe kabatini, ikamwingia kifuani ikauliza na kuuliza tena kama mtu aliyekaa kitako na hana haraka ya kuondoka.

Sidi alimshika mkono, akinong'ona. "Ni shemeji huyo. Mjibu. Sema kweli, tuirudishe."

"Nyamaza wewe! Alinambia! Alini—"

Kwenye kioo ikatokea alama ya spika iliyokatwa mstari. Mdomo wa Mwaringa uliendelea kwenda. Sauti haikutoka.

Mganga aliyeitwa alinusa mlangoni tu, akarudi nyuma. "Huyu aliyemo kiooni simtoi, hana kosa. Rudisheni kitu chake, na mwongo akaseme kweli pale pale aliposemea uongo."

Wakaipeleka Vitengeni. Wazee wakakaa, Hannah akasimama kando ya runinga. Mwaringa alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamtoka, akaupiga ulimi wake kwa vidole kama mtu anayegonga redio iliyokufa, na wazee wakabaki kumtazama. Ile alama ilikuwa bado kiooni, na waya haujachomekwa popote.

"Hannah, msamehe," Sidi alisihi. "Atasema, akipewa sauti."

"Si mimi niliyeizima." Hannah alinyoosha kidole nyuma ya nyumba, kwenye udongo mpya. "Mkamwombe mwenye rimoti."

Mwaringa alikwenda akapiga magoti kaburini, akafumbua mdomo.

Chini ya udongo, kitufe kile kile kikabonyezwa tena, na sauti ya Mwaringa ikatoka.