Mmeza Vyura Hasalimiwi

Jua lilikuwa linazama Ernesta aliposhuka kwenye bodaboda, mwendo kidogo kupita Kitahana. Kilichompokea kwanza ni harufu. Tope, matapishi ya jana, na samaki aliyesahaulika juani. Akaziba pua kwa pindo la kitenge. Kumbe ni kwa ajili ya uvundo huu baba aliwakimbia!

Watu walipaita Mazingaombweni. Enzi kambi za wakimbizi zilipofurika, palikuwa na nyumba arobaini za watafuna vioo, wacheza na nyoka na wanasarakasi. Siku za mgao walikwenda kambini wakirukaruka, wakarudi na magunia ya mahindi. Kambi zikafungwa, watazamaji wakaenda zao, na waliobaki wakahamia kutazama video vibandani. Mwaka huo wa 2014 moshi ulitoka nyumba mbili tu.

Baba yake, Kipriani, alikuwa mmeza vyura. Alimeza kumi wazima, akawatapika kumi wakirukaruka, na watu walipiga makofi hadi viganja vikawaka. Aliondoka nyumbani Kasulu Ernesta akiwa na miaka sita, asirudi tena. Sasa alikuwa mahututi. Ernesta aliweka kinyongo kando, akaja kumchukua, angalau afie kwao.

Mlangoni alimkuta bibi Kudra, mcheza na nyoka wa zamani, jirani pekee aliyebaki.

"Mchukue," bibi akanong'ona. "Ila usimsalimie."

"Baba yangu, nisimsalimie?"

"Usimpigie makofi, mwanangu. Nakuomba."

Ernesta alisonya moyoni. Muha gani anaingia kwa mzazi wake bila kupiga makofi ya salamu? Adabu za watu hawa nazo zimeoza!

Ndani, mzee alilala mkekani, mifupa mitupu. Ila tumbo... Tumbo lilikuwa kubwa, na lilikuwa linacheza. Alimtazama bintiye, akatikisa kichwa. Hapana. Hapana.

Ernesta alidhani baba anamkataa. Akapiga magoti, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu, kama alivyofundishwa na mama yake.

Pwa. Pwa. Pwa.

"Mwidiwe, data," akamwamkia baba yake kwa Kiha.



Kisha, kutoka kwenye nyumba tupu huko nje, makofi yakaitikia.

Mzee akainuka kama aliyevutwa kwa kamba. Koo likavimba. Akatoka chura mweupe, hana macho, ananing'inia kwenye ute. Wa pili. Wa tano. Wa tisa. Halafu misumari. Halafu nywele, fundo zima, zinanuka kama mzoga. Nje makofi yalizidi kasi.

"Acheni!" Ernesta alipiga kelele, amekikumbatia kichwa cha baba yake.

Mdomo wa Ernesta ulikuwa wazi.

Kitu kikaruka.

Baridi... utelezi... akameza kabla hajajua anameza nini.

Makofi yakakoma. Tumbo la mzee likanywea.

"Ndiyo maana sikurudi," Kipriani akanong'ona. "Kwetu kila mtu... anapiga makofi."

Akakata roho.

Kudra aliingia na kibatari. "Alipewa hilo dude na mganga, hakusema wa wapi," alisema. "Chakula chake ni makofi, likiyasikia hutoka. Yalipokwisha, likaanza kumla yeye." Akainama, akahesabu vyura sakafuni. Akahesabu tena.

"Tisa," alisema. Akarudi nyuma hatua moja, asimwangalie Ernesta usoni.

Asubuhi walimzika huko huko. Ernesta alijitapisha njia nzima, vidole kooni hadi damu. Yalitoka maji matupu.

Alifika Kasulu jioni. Esteri, bintiye wa miaka sita, alimwona, akaja mbio. Kisha akakumbuka adabu. Akapiga magoti, akakunja viganja vyake vidogo.

"Mwidiwe, mama."

Pwa.

Tumboni, kitu kikageuka.

Ernesta akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akageuka, akarudi barabarani karibu kukimbia. Nyuma yake mtoto aliendelea kupiga makofi, taratibu, kama alivyofundishwa.